Pindo, Mji na Jina: Uhakiki wa Katuni za Kale Zilizotokana na Bunilizi za Kisayansi

IKISIRI

Makala haya yanahakiki michoro na maandishi ya katuni za kale zilizohawilishwa kutoka katika bunilizi za kisayansi, hususan matoleo ya Classics Illustrated na ya kampuni ya EC yaliyochapishwa Marekani katika miaka ya 1950. Kigezo cha uhakiki kimetolewa Mombasa, nacho ni leso, vazi ambalo mchoro na maandishi hukaa pamoja bila ya kimoja kukirudia kingine. Makala yanashikilia kwamba udhaifu mkubwa wa katuni hizo si uchache wa kurasa wala uduni wa uchapaji, bali ni kuyatumia maneno kueleza kile ambacho jicho limekwisha kukiona. Kwa kufanya hivyo, maelezo ya kisayansi ambayo hayachoreki hunyimwa nafasi. Mwishoni, hoja hii inajaribiwa kwa riwaya ya Walenisi (1995) ya Katama Mkangi.

1.0 UTANGULIZI

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuihakiki riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi. Katuni tumewaachia watoto na wasomaji wa magazeti. Hata inapotajwa darasani, hutajwa kama kifaa cha kufundishia, si kama kazi yenye fani na maudhui yake. Nilipowasilisha pendekezo langu la utafiti kuhusu katuni, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa iwapo hiyo ni fasihi. Makala haya ni sehemu ya jibu langu.

Jibu lenyewe lilianza zamani, kabla sijalijua neno uhakiki. Nililelewa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mjomba wangu, aliyefanya kazi katika bandari ya Kilindini, alikuwa na kasha la majarida ya katuni ya Kiingereza, mengi yakiwa yamekwisha kupoteza majalada. Mjomba alisoma msahafu na gazeti la Kiswahili, Kiingereza hakukisoma. Baada ya sala ya Isha alitukalisha barazani, akafungua jarida na kutusimulia kwa Kimvita yale aliyoyaona katika picha. "Mtizameni huyu," angesema, "yuwakimbia, mato yamemtoka." Miaka mingi baadaye, nilipoweza kuyasoma maandishi, nilitambua kwamba baadhi ya hadithi alizotusimulia zilikuwa zilezile zilizoandikwa, na nyingine zilikuwa hadithi tofauti kabisa.

Maswali ya makala haya yametokana na tofauti hiyo. Ni wapi picha ilimtosha msomaji asiyeijua lugha? Ni wapi ilimpoteza? Na maneno yaliyokuwa juu ya picha hizo yalikuwa yakifanya kazi gani?

2.0 ISTILAHI NA KIGEZO

Uhawilishaji, katika makala haya, ni kuihamisha kazi ya fasihi kutoka utanzu mmoja hadi mwingine, kwa mfano kutoka riwaya hadi katuni. Bunilizi ya kisayansi ni hadithi ambayo tukio lake la ajabu hupewa sababu ya kisayansi, hata kama sayansi hiyo ni ya kubuni. Picha moja katika katuni nitaiita kisanduku, maneno ya mhusika yaliyozungushiwa mstari nitayaita kiputo, na maneno ya msimulizi yanayokaa juu au chini ya kisanduku nitayaita maelezo.

Wahakiki wa katuni katika nchi za Magharibi wana nadharia zao kuhusu uhusiano wa picha na neno. Nadhani msomaji wa Mombasa ana nadharia yake pia, na huivaa. Leso, ambayo kwingine huitwa kanga, ina sehemu tatu. Pindo ni ukingo unaoizunguka pande zote. Mji ni uwanja wa katikati wenye mchoro. Jina ni maandishi yanayochapishwa katika sehemu ya chini ya mji. Mtu akipita Barabara ya Biashara, ambako leso za "Mali ya Abdulla" za Kaderdina Hajee Essak zimekuwa zikiuzwa kwa vizazi kadhaa, atawaona wanunuzi wakifanya kazi mbili: wanautazama mji, kisha wanalisoma jina. Leso yenye mji mzuri huweza kuachwa kwa sababu jina lake halimfai mnunuzi, na yenye mji wa kawaida ikachukuliwa kwa sababu jina lake limeshika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba jina la leso halielezi mji wake. Mjini pamechorwa korosho au mananasi, ilhali jina linamsuta jirani, linamshukuru mama au linamtahadharisha mume. Hakuna leso yenye mchoro wa mananasi ambayo jina lake linatangaza kwamba hayo ni mananasi. Maana ya leso huzaliwa pale mvaaji anapoviweka viwili hivyo pamoja na kuchagua ni nani atakayepita mbele yake akiwa ameivaa. Kwa hiyo, kisanduku cha katuni nacho kinaweza kuulizwa maswali matatu. Pindo lake limekata nini na kuacha nini nje? Mji wake unaonyesha nini? Na je, jina lake linasema jambo ambalo mji haujalisema?

3.0 USULI WA KATUNI HIZI

Mfululizo wa Classics Illustrated ulianzishwa na Albert Kanter mwaka 1941 kwa jina la Classic Comics, ukabadilishwa jina mwaka 1947. Shabaha yake ilikuwa kuwafikishia vijana riwaya mashuhuri kwa njia ya picha, na msomaji alipofika mwisho wa hadithi alihimizwa aitafute riwaya yenyewe. Miongoni mwa bunilizi za kisayansi zilizohawilishwa ni Frankenstein ya Mary Shelley, kazi za Jules Verne, na riwaya za H. G. Wells kama vile The War of the Worlds, iliyochorwa na Lou Cameron mwaka 1955, na The Invisible Man, iliyochorwa na Norman Nodel mwaka 1959.

Kampuni ya EC, iliyoongozwa na William Gaines, ilikuwa na njia nyingine. Majarida yake ya Weird Science na Weird Fantasy yalichapisha hadithi fupi, na kuanzia mwaka 1952 baadhi yake zilitokana na hadithi za Ray Bradbury. Mwanzo wa uhusiano huo haukuwa wa haki: EC iliunganisha hadithi mbili za Bradbury kuwa moja bila ya kumwomba ruhusa. Bradbury aliandika barua ya upole kuwakumbusha kwamba malipo yake hayajafika. Alilipwa, na baada ya hapo hadithi zake zikahawilishwa kwa idhini yake.

Kwetu Kenya, uhawilishaji katika katuni ulielekea upande mwingine. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Jarida la Joe lilianza mwaka 1973. Terry Hirst akatoa mfululizo wa Pichadithi katika miaka ya 1980. Na mwaka 1996 Sasa Sema ikachapisha Abunuwasi ya Gado kwa Kiswahili. Hazina ya kazi hizo ilikuwa ngano, visakale na vituko vya mjini. Bunilizi ya kisayansi ilibaki kuwa kitu kilichokuja kwa meli, kikiwa tayari kimechorwa na kuandikwa na wengine. Hii ndiyo sababu inatupasa kuchunguza jinsi kilivyoundwa kabla ya kuamua tukichukue au tukiache.

4.0 UHAKIKI WA KAZI TEULE

4.1 Mashine za Miguu Mitatu

Riwaya ya The War of the Worlds (1898) inasimulia uvamizi wa viumbe kutoka sayari ya Mirihi. Wanatembea ndani ya mashine ndefu za miguu mitatu na kuunguza kila kitu kwa mwali wa joto. Hapa mchoraji ana bahati, kwani Wells amempa umbo ambalo jicho haliwezi kulisahau. Cameron alilitumia vyema. Mashine zake zinaizidi nyumba na mti kwa kimo, na binadamu aliye chini yake anakuwa mdogo kama siafu. Mjomba hakupotea hata kidogo katika kurasa hizi. Alitusimulia kukimbia kwa watu, moto na kuanguka kwa miji, na nilipokuja kuyasoma maandishi nilikuta mambo yaleyale. Maelezo mengi yaliyokaa juu ya visanduku hivyo yalikuwa yakitangaza mananasi.

Mwisho wa hadithi ndio uliomshinda. Katika riwaya, wavamizi hawashindwi na mizinga. Wanauawa na vijidudu vya maradhi ambavyo miili ya wanadamu imekwisha kuvizoea na miili yao haijapata kuvijua. Picha inaweza kuonyesha mashine zilizosimama kimya. Haiwezi kuonyesha kijidudu. Mjomba alizitazama mashine hizo zilizonyamaza, akafikiri kidogo, kisha akatuambia, "Wamekufa kwa ndaa. Chakula cha kwao hakiko huku." Kwa mujibu wa Wells alikosea. Kwa mujibu wa picha alizokuwa nazo, hakukosea, maana kiumbe aliyesafiri mbali akafa bila jeraha amekufa kwa kitu ambacho ugenini umemkosesha au umempa.

Funzo la kiuhakiki hapa ni kubwa. Kisanduku kimoja chenye maneno ya sababu ya kifo kina thamani kuliko visanduku ishirini vinavyosema kwamba mashine inatembea. Katuni iliyohawilishwa kwa kurasa zisizozidi hamsini haina maneno ya kupoteza.

4.2 Mtu Asiyeonekana

The Invisible Man (1897) inamtia mchoraji katika mtihani wa ajabu: amchore mtu ambaye hadithi inasema haonekani. Njia iliyo wazi ni kumchora kwa vitu vinavyomzunguka, yaani bendeji, miwani, kofia, glavu na nguo zinazotembea bila mwili. Nodel, kama Wells kabla yake, anautegemea ushahidi wa aina hii. Hii ni mbinu ya kitamathali. Katika istilahi zetu tungeiita taashira, ambapo nguo inasimama badala ya mtu.

Mjomba alipoifikia hadithi hii aliibadilisha utanzu. Mtu wa bendeji alikuwa mgonjwa; bendeji zilipofunguliwa na ndani pakawa patupu, akawa jini. Sisi watoto wa Kibokoni hatukuhitaji maelezo zaidi, kwa kuwa habari za majini tulikuwa nazo nyumbani. Hadithi ilitutisha na kutufurahisha. Hata hivyo, haikuwa tena bunilizi ya kisayansi. Katika riwaya, Griffin ni mwanasayansi anayemweleza Kemp jinsi mwanga unavyopinda na kurudi unapokutana na vitu, na jinsi alivyoufanya mwili wake usiuzuie mwanga. Ni maelezo marefu, makavu kidogo, na ndiyo yanayomtenganisha Griffin na jini.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha tatizo la uhawilishaji wa bunilizi za kisayansi. Ajabu ya hadithi hizi hukaa katika mji, lakini sayansi yake hukaa katika jina. Mhawilishaji anayepunguza maneno ya sababu ili abakishe maneno ya matendo anaitoa sayansi ndani ya bunilizi na kutuachia hadithi ya majini yenye nguo za Kizungu. Hadithi za majini si duni. Tuna zetu, na ni nzuri. Lakini msomaji aliyeahidiwa moja asipewe nyingine.

4.3 Nyumba Isiyo na Watu

Kazi za EC sikuzikuta katika kasha la mjomba. Nilizisoma ukubwani, katika matoleo ya baadaye. Wasomaji wengi huzilaumu kwa wingi wa maneno, na lawama hiyo ina msingi katika namna zilivyotengenezwa. Al Feldstein aliyaandika maneno kwanza, moja kwa moja kwenye karatasi ya kuchorea, na herufi zikapangwa kwa kifaa cha kiufundi kabla ya mchoraji kuanza kazi. Mchoraji alipewa nafasi iliyobaki. Huko ni kuchapa jina la leso katikati ya mji, kisha kumtaka mchoraji atafute pa kuweka korosho.

Pamoja na hayo, There Will Come Soft Rains, iliyochorwa na Wally Wood mwaka 1953, inatulazimisha kuwa waangalifu na kanuni zetu. Hadithi ya Bradbury haina mhusika binadamu aliye hai. Kuna nyumba inayojiendesha yenyewe: inapika, inafagia na kutangaza saa, ilhali wenyewe wameteketea katika vita vya nyuklia. Kilichosalia cha familia hiyo ni vivuli ukutani, mahali ambapo miili yao iliukinga ukuta usiungue. Feldstein alihifadhi sehemu kubwa ya nathari ya Bradbury, na visanduku vimejaa maneno. Mbona basi hayachoshi kama yale ya Classics Illustrated?

Jibu langu ni kwamba hapa maneno na picha havitazami kitu kimoja. Sauti ya nyumba inaendelea kuwahudumia watu, huku picha ikionyesha kwamba watu hao hawapo. Jina linasema "amkeni" na mji unaonyesha vitanda vitupu. Kinaya kinazaliwa katikati yao. Hii ni leso kamili, ingawa maneno yake ni mengi. Kwa hiyo kosa si wingi wa maneno. Kosa ni maneno kufanya kazi ambayo picha imekwisha kuifanya.

4.4 Uso Ndani ya Kofia

Kazi ya mwisho, Judgment Day (1953) ya Feldstein na mchoraji Joe Orlando, si uhawilishaji wa riwaya. Ninaileta kwa sababu inaonyesha kile ambacho picha pekee inaweza kukifanya. Mkaguzi kutoka Dunia anaitembelea sayari ya roboti wa rangi mbili, na anakuta roboti wa rangi moja wakibaguliwa na wa rangi nyingine ilhali ndani wameumbwa sawa. Anawaambia kwamba hawajawa tayari kujiunga na jamhuri ya sayari nyingine. Katika hadithi yote amevaa kofia ya anga. Katika kisanduku cha mwisho anaivua, nasi tunaona kwamba yeye ni mtu mweusi.

Katika nathari, mwandishi angelazimika kulitamka jambo hilo, na kulitamka kungelifanya kuwa hotuba. Katika katuni, pindo la kila kisanduku lilikuwa limelificha mbele ya macho yetu, na msomaji anabaki kujiuliza kwa nini alimdhania kuwa mtu wa rangi nyingine. Nguvu ya picha hiyo ilidhihirika EC ilipotaka kuichapisha tena. Msimamizi wa kanuni za udhibiti wa katuni alipinga mhusika huyo kuwa mweusi. Gaines alikataa kubadilisha, na hadithi ikachapishwa ilivyokuwa.

5.0 TAKRIRI AU MARUDIO?

Msomaji wa jarida hili anaweza kunipinga kwa hoja ya fasihi simulizi. Atasema kwamba fasihi yetu hairudirudi kwa bahati mbaya. Ngano hurudia wimbo, utenzi hurudia kina, na mtambaji hurudia tukio mara tatu. Kwa nini basi maelezo yanayorudia picha yahesabiwe kosa?

Hoja hii ni nzito. Hata hivyo, takriri ya mtambaji haifanani na marudio ya katuni. Wimbo wa ngano unaporudiwa mara ya tatu, hali imebadilika: zimwi limekaribia, au hadhira sasa inaitikia. Maneno ni yaleyale ilhali uzito wake umeongezeka. Maelezo yanayosema "alipanda ngazi" juu ya picha ya mtu anayepanda ngazi hayaongezi uzito wowote. Aidha, mtambaji huiona hadhira yake. Mjomba alipoona tumekwisha kuelewa alifungua ukurasa. Alipoona tumeduwaa alirudia kwa sauti nyingine. Aliyeandika maelezo ya Classics Illustrated hakuwa na baraza mbele yake. Alihofia kwamba msomaji hataelewa, na hofu hiyo ikaandikwa katika kila kisanduku.

Ni haki pia kukumbuka kwamba mfululizo ule ulikusudiwa vijana wa shule, na kwamba maneno yaliyorudia picha yaliwasaidia wengi kujifunza kusoma. Kwa lengo la ufundishaji, marudio yana faida. Kwa lengo la sanaa, yana gharama, na gharama hiyo hulipwa na sehemu ya hadithi isiyochoreka.

6.0 MTIHANI WA WALENISI

Hoja isiyojaribiwa nyumbani haijathibitika. Walenisi ya Katama Mkangi, mwandishi wa Pwani ya Kenya aliyewekwa kizuizini katika miaka ya 1980 na kufariki mwaka 2004, ni miongoni mwa riwaya chache za Kiswahili zinazompeleka mhusika sayari nyingine. Dzombo, aliyehukumiwa katika nchi yake, anarushwa angani kwa chombo na kufika Walenisi, ambako anakuta jamii iliyojengwa juu ya usawa. Jina la sayari hiyo ni fumbo linalofumbuliwa kwa kulitamka polepole: wale-ni-sisi.

Mimi na mwenzangu mmoja mwenye mkono wa kuchora tulijaribu kuhawilisha tukio la Dzombo kufika huko katika visanduku kumi na viwili. Tuliwachora wakazi wa Walenisi kama tulivyofundishwa na katuni za kale: vichwa vikubwa, mato ya mviringo, mavazi ya kung'aa. Maelezo yetu yalisema, karibu katika kila kisanduku, kwamba Dzombo alistaajabu. Tuliridhika na kazi yetu.

Nilimpelekea mjomba. Sasa ni mzee, lakini macho yake bado yanaona. Niliyafunika maandishi kwa karatasi nikamwomba anisimulie, kama zamani. Alisimulia safari vizuri, chombo, giza na kutua. Alipofika kwa wenyeji alinyamaza, akauliza, "Hawa ni wa wapi, mamangu?" Nikamwambia aseme yeye. Akatikisa kichwa. "Hawa si wetu."

Kwa maneno hayo matatu riwaya ya Mkangi ilikuwa imekufa mikononi mwetu. Jina linasema wale ni sisi, na mji wetu ulikuwa umechora kwamba wale si sisi. Wala huo haukuwa mgongano wenye kinaya kama ule wa nyumba ya Bradbury. Ulikuwa ukanushaji wa dhamira. Tulirudia kazi. Safari hii wenyeji wa Walenisi tuliwachora kwa nyuso tunazokutana nazo Ndia Kuu na sokoni: mama aliyejifunga leso, mchukuzi wa mkokoteni, mzee wa kofia ya vito. Ajabu tuliihamisha kutoka katika nyuso zao na kuiweka katika mambo wanayotendeana. Maelezo ya mshangao tuliyafuta yote. Nafasi iliyopatikana tuliwapa Dzombo na wenyeji wake waulizane kuhusu mali, kazi na uongozi, yaani ile sayansi ya jamii ambayo Mkangi, akiwa mwanasosholojia, aliifanya kuwa injini ya riwaya yake. Na neno Walenisi tuliliandika mara moja tu, chini ya kisanduku cha mwisho, mahali pa jina.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katuni za kale za kisayansi zina fani inayohakikika, na kwamba vigezo vya kuihakiki hatuna haja ya kuviagiza vyote kutoka ng'ambo. Imedhihirika kwamba picha hubeba ajabu ya hadithi na maneno hubeba sababu yake. Kwamba wingi wa maneno si kosa iwapo yanasema lisilochorwa. Na kwamba mchoro uliokopwa bila kupimwa unaweza kuikanusha dhamira ya kazi inayohawilishwa.

Kwa wanafunzi wenzangu ninapendekeza zoezi jepesi. Chukueni katuni yoyote, myafunike maandishi, mumpe mtu asiyeijua awasimulie. Kisha mfunike picha na kuyasoma maandishi peke yake. Pale ambapo masimulizi mawili yanafanana neno kwa neno, mojawapo halikuhitajika. Pale ambapo moja linapotea bila ya jingine, hapo pana kazi ya uhakiki.

Na kwa wahadhiri wetu wanaouliza iwapo hii ni fasihi, visanduku vyetu kumi na viwili vya pili vipo tayari kuhakikiwa. Mjomba amekwisha kuvisoma maandishi yakiwa yamefunikwa. Alipofika kwa wenyeji hakuuliza ni wa wapi. Aliwataja mmoja mmoja kwa majina ya jirani zake.